Halloween ya 1978 kwenye diski: usihesabu unavyoviona, angalia giza

Swali lililoulizwa ni hili: kwa nini Halloween, filamu ya kutisha ya John Carpenter, inabadilika rangi kila diski mpya inapotoka, usiku wa buluu huku, wa kijivu kule, na je, toleo linaloonyesha vitu vingi zaidi gizani ndilo bora? Naanza na la pili: hapana. Dean Cundey, mpiga picha wa filamu hiyo, alificha vitu makusudi, na diski inayovifichua imeharibu kazi yake.

Watu wengi hudhani rangi ya filamu imekaa ndani ya negativu (filamu asilia iliyopita kwenye kamera), ikisubiri kuskaniwa. Haimo. Nakala za sinema zilipochapwa, maabara iliipitisha kila shoti kwenye mashine yenye mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu, kila mmoja ukipimwa kwa ngazi 1 hadi 50. Takriban ngazi 7 zinalingana na stopu moja ya lenzi, yaani hatua inayoongeza mwanga maradufu. Hapo ndipo ilipoamuliwa usiku uwe wa buluu kiasi gani na uso uzame gizani kiasi gani. Skani ya negativu isiyofuata uamuzi ule inakupa picha safi, yenye kina, ambayo hakuna mtu aliyewahi kuikusudia. Fundi wa rangi akisawazisha tu weupe, mwanga wa mwezi wa Cundey unatoweka, kwa kuwa mashine inauhesabu kuwa kosa.

Kwa filamu hii jambo hilo ni zito zaidi. Hadithi inatokea Illinois mwezi Oktoba, lakini kamera zilizunguka California majira ya kuchipua, miti ikiwa ya kijani na majani makavu ya kupakwa rangi yakimwagwa barabarani. Vuli yake, kwa hiyo, imetengenezwa: rangi za mchana zimepashwa joto kuelekea njano, za usiku zimepozwa kuelekea buluu. Cundey alisimamia uhamishaji wa DVD ya 1999, na joto lile limo. Blu-ray ya 2007 ikalipunguza pamoja na buluu ya usiku, na mara vichaka vikaanza kuonekana kama vya Aprili. Blu-ray ya 2013 ilisimamiwa naye tena, na 4K ya 2021 ilitoka kwenye negativu asilia kwa idhini yake. Hata hivyo, ya 1999 na ya 2013 hazifanani kabisa: ya kwanza imekolea zaidi. Idhini ya mpiga picha ni ushahidi mkubwa, ila ni ushahidi wa macho yake ya siku ile, mbele ya skrini ya siku ile. Nakala za zamani za sinema nazo si shahidi wa kutegemewa, kwa sababu filamu ya Eastman ya miaka ya 1970 hupoteza rangi ya samawati kwanza na kubaki nyekundu. Suspiria, filamu ya kutisha ya Kiitaliano ya 1977, ina bahati zaidi hapo, maana ilichapwa kwa Technicolor ya kuhamisha wino, ambayo hufifia polepole sana.

Kipimo changu cha kwanza kwa toleo lolote la Halloween ni shoti moja. Laurie, msichana anayewindwa, amesimama kando ya mlango, analia, nyuma yake giza tupu. Kisha barakoa nyeupe ya muuaji inajitokeza polepole, kwa sababu taa ndogo inaongezwa nguvu kidogo kidogo. Mtazamaji anapaswa kuchelewa kuitambua. Ukiiona barakoa tangu mwanzo wa shoti, weusi umeinuliwa mno, yaani giza limefanywa jepesi. Ikiruka ghafla bila kupanda taratibu, weusi umebanwa, yaani vivuli vimezamishwa.

Kabla ya kulaumu diski, hakiki vifaa vyako. Video ya diski hutumia ngazi za mwanga 16 (nyeusi) hadi 235 (nyeupe). Kichezeshi kikituma hivyo na runinga ikisubiri 0 hadi 255, weusi wote unageuka kijivu. Kinyume chake, vivuli vinamezwa. Weka pande zote mbili kwenye mpangilio mmoja. Zima kulainisha mwendo, zima kupunguza chembe (punje ndogo za filamu zinazoonekana kwenye picha), rudisha ukali mahali pasipoongeza kitu (runinga nyingine ni 0, nyingine 50), chagua joto la rangi la vuguvugu zaidi, na chumba kiwe giza. Hapo ndipo unapoweza kuisema diski.

Chembe za filamu ziachwe. Zikifutwa, zinaondoka na vinyweleo na nyuzi za nguo, ngozi inabaki kama nta. Ila chembe zinakula data. Filamu hii ina dakika 91. Kwa megabiti 30 kwa sekunde, picha peke yake inachukua takriban gigabaiti 20.5. Kwenye diski ya gigabaiti 50 inaenea vizuri. Ikibanwa kwenye ya 25 pamoja na sauti kadhaa na nyongeza, kinachoumia kwanza ni kuta za giza, ambako utaona vigae vinavyotetema. Filamu za milimita 16 huumia zaidi, kwani fremu yake haifikii robo ya eneo la milimita 35.

Kuhusu upana, kanda za VHS zilizojaza skrini ya 4:3 zilikata zaidi ya asilimia 40 ya fremu hii ya anamofiki, yaani pana, iliyopigwa kwa lenzi inayoibana picha kwa upana. Hasara hiyo siwezi kuiita ndogo. Carpenter na Cundey walimweka muuaji pembeni kabisa, na pembeni ndiko kulikokatwa.

Kama una DVD ya zamani ya PAL (mfumo wa runinga wa Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika), angalia pia saa. Fremu 24 zikichezwa kama 25 kwa sekunde, dakika 91 zinakuwa kama 87 na sekunde 20, na muziki unapanda karibu robo tatu ya nusu toni isipokuwa sauti imerekebishwa. Piano ya mwanzo ndiyo rahisi kuitambua: ichezeshe sambamba na Blu-ray, na ikiwa juu, hata mwendo wa muuaji umeharakishwa.