Kabla hujatoboa kioo: mkondo wa maji kwenye tangi la matumbawe

Juzi msomaji mmoja wa Tanga ameniandikia. Ana tangi jipya la lita 400, halijaona chumvi bado, na fundi amemshauri atoboe matundu manne nyuma, apitishe mabomba ya PVC, pampu moja kubwa ikae nje na kuzungusha maji yote. Anataka baraka zangu. Sina za kumpa.

Mfumo huo naujua. Tangi langu nililinunua kwa familia iliyokuwa ikihama Nyali hapa Mombasa, na lilikuja nao. Haki yake niiseme: ndani ya tangi huoni mtambo wowote, ni mawe, matumbawe na samaki tu. Tena pampu haina kazi ya kupandisha maji juu, kama ile inayosukuma kutoka tangi la chini la kuchujia. Maji yanatoka tangini na kurudi tangini, usawa uleule, kwa hiyo nguvu inapotelea kwenye viwiko na kuta za mabomba basi.

Taabu yangu ilikuwa stima. Pampu ile ilikula wati 100. Chukua betri ya volti 12, ampea-saa 100, uitumie nusu ili isife mapema: unapata wati 600 za saa moja. Gawanya mwenyewe. Saa sita, na hapo sijatoa kinachopotea kwenye inveta. Mombasa stima ikipotea jioni, hujui itarudi saa ngapi, na usiku ndio wakati mbaya kuliko wote. Mchana mwani unaoishi ndani ya matumbawe hutengeneza oksijeni kwa mwanga. Taa zikizimwa, kila kilichomo tangini kinavuta tu. Maji yetu ni ya moto, na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Uso wa maji ukitulia kabisa, samaki ndio watakaotangulia kufa.

Nikaung'oa mfumo wote, nikaziba matundu, nikaweka pampu mbili ndogo za propela, zile za umeme wa DC, yaani wa aina ya betri, wati 10 hadi 15 kila moja. Wenzangu wa matangi walinicheka. Mmoja alisema, mbele ya watu, kwamba nimetundika feni za gesti ndani ya bahari. Sikumjibu, ila neno hilo bado ninalo.

Ukaja usiku ambao mtaa mzima ulikaa giza tangu Isha hadi jua kuchomoza. Betri yangu iliendesha pampu moja hadi asubuhi na chaji ikabaki. Matumbawe yote yalifunguka kama kawaida. Yule bwana wa feni alinipigia kabla ya saa mbili asubuhi, sauti imeshuka, akiuliza pampu zile huuzwa wapi. Nilimwambia. Mimi si mtu wa visasi, ingawa siku ile nilitembea kwa madaha kidogo.

Sasa ndugu yangu wa Tanga, sikiliza. Usianze na pampu, anza na mnyama. Tumbawe halina miguu: chakula huletewa na mkondo, na ute na uchafu wake huondolewa na mkondo huohuo. Akropora, tumbawe gumu la matawi, na jamaa zake wa mwambani, wanaopigwa na mawimbi, wanataka pampu zote kwa jumla zisukume mara 30 hadi 50 ya ujazo wa tangi kwa saa. Matumbawe laini na yale ya nyama nyingi yanatosheka na mara 10 hadi 20. Kwa lita 400, hiyo ni tofauti ya kati ya lita 4,000 na lita 20,000. Umeniambia unapenda laini. Basi pampu ya wati 100 ya nini?

Halafu upana wa mkondo. Bomba jembamba hutoa maji kama mshale, na mshale ukilenga tumbawe moja kutwa kucha, nyama hubanduka mifupa ikabaki. Propela hutoa mkondo mpana, mpole, kwa umeme mdogo. Weka moja kila upande, chini kidogo ya uso wa maji, mikondo igongane katikati, na uzipishanishe: hii ikipanda nguvu, ile ishuke. Mwambani maji hujaa na kupwa, hayaendi upande mmoja milele. Kama una anemoni, yule mnyama laini mfano wa ua, funika propela kwa wavu, kwa sababu anemoni hutembea na propela haina huruma.

Kila baada ya miezi michache zitoe, uziloweke kwenye siki nyeupe iliyochanganywa na maji, chokaa itoke. Watu hawafanyi hivi. Wanalaumu pampu, wanalaumu duka, kumbe ni uvivu. Kufuga bahari sebuleni kunataka adabu, na adabu huanza na vitu visivyoonekana kwenye picha.

Wapo watakaokuambia ujenge ndoo ya kumwaga maji kwa kishindo, ile ya Bruce Carlson, aliyekuwa Waikiki Aquarium kule Hawaii. Inatoa wimbi la kweli, nakubali. Inatoa pia kelele, mapovu na chumvi ukutani. Kama umeoa, uliza kwanza.

Fundi mlipe alichokwisha kufanya, mwambie kioo kibaki kizima. Pesa za mabomba nunua betri.