Mwanangu, Yai Hutangulia Hedhi

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa natafuta habari za mjukuu wangu tu, mara ya pili ndipo nikatulia kwenye maswali yako. Unasema rafiki yako amekuhakikishia kwamba mama anayenyonyesha na ambaye hajaona hedhi hawezi kushika mimba, nawe unataka kujua kama ni kweli. Tena unasema kliniki wamekueleza habari za kijiti cha kuzuia mimba kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono, ila umesikia kinakausha maziwa na kuharibu kizazi. Halafu chini kabisa, kama jambo dogo, umeandika kwamba mwezi ujao unarudi kazini, mtoto akiwa na miezi minne. Hilo la chini ndilo lililonifanya nisingoje kesho kukujibu.

Rafiki yako hakukudanganya, lakini amekupa nusu ya maneno. Kunyonyesha kunazuia mimba kweli. Mwaka 1988 wataalamu walikutana Bellagio, Italia, wakaulinganisha ushahidi uliokuwapo, wakakubaliana kwamba mama akitimiza masharti yote matatu, uwezekano wa kushika mimba haufiki 2 kwa 100. Hedhi iwe haijarudi. Mtoto awe ananyonya tu, au karibu tu, mchana na usiku. Na awe hajatimiza miezi 6. Nimeandika "yote" kwa makusudi, mwanangu, kwa sababu likivunjika moja, kinga ile si ya kutegemea tena, hata kama mawili mengine yako palepale.

Sababu yake ni hii. Mtoto anapovuta chuchu, mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye ubongo. Homoni ya prolaktini hupanda, na ile sehemu ya ubongo inayoziamrisha ovari zipevushe yai hupunguza amri zake. Kwa hiyo kinachozuia mimba si maziwa yenyewe, ni kule kunyonya, na kunyonya mara kwa mara. Ndiyo maana sisi wakunga huwaambia kina mama nafasi kati ya kunyonya na kunyonya isizidi saa 4 mchana na saa 6 usiku. Mtoto akianza kulala usiku kucha, wewe unashukuru kwa kupumzika, na ovari nazo zinapata nafasi ya kuamka. Ukiwa kazini ukakamua maziwa yakawekwa, mtoto atashiba vizuri na nakusihi ufanye hivyo, lakini kukamua hakuzilazi ovari kama anavyozilaza mtoto mwenyewe. Mwezi ujao basi, ukitoka nyumbani asubuhi na kurudi jioni, sharti la pili litakuwa limekwisha kutetereka.

Utaniambia: si nitaona hedhi kwanza, nijue? Hapa ndipo nataka unisikilize kuliko mahali pengine popote. Hedhi ni matokeo ya yai lililopevuka likakosa mbegu. Yai hutangulia, damu hufuata kama wiki mbili baadaye. Mara nyingine baada ya kujifungua damu ya kwanza huja bila yai, ni kweli, lakini huwezi kujua wewe utakuwa wa kundi lipi. Yai la kwanza likikutana na mbegu, hakuna hedhi utakayoiona. Utaendelea kusema "bado nanyonyesha, ndiyo maana sioni siku zangu", kumbe una mimba. Asiyenyonyesha kabisa ni mapema zaidi: yai linaweza kupevuka hata kabla ya wiki ya nne tangu ajifungue, ndiyo maana hushauriwa awe na njia ya kuzuia mimba kuanzia siku ya 21.

Haya sikuyajulia darasani peke yake. Sijawahi kukusimulia kwa urefu habari za kuzaliwa kwa mdogo wako.

Wewe ulikuwa na miezi saba na nusu. Nilikuwa mkunga tayari, nikiwafundisha wanawake wengine masharti hayo matatu kila siku ya kliniki. Nilikuwa nimerudi kwenye zamu za usiku, wewe umeanza kula vyakula vingine, na hedhi yangu haijarudi. Masharti mawili yamevunjika, mimi nikashikilia lile la tatu. Nilijiambia kwamba nikiona damu nitachukua hatua. Damu haikuja. Nilichoka, nikasema ni zamu. Nilikosa hamu ya kula, nikasema ni uchovu. Niliijua mimba ile siku mtoto alipocheza tumboni, nikiwa nimesimama kando ya kitanda cha mzazi mwingine.

Nilipopimwa wingi wa damu, yaani himoglobini, nilikuwa na gramu 8.6 kwa desilita, na kwa mjamzito tunataka isipungue 11. Mwili haukuwa umerudisha madini ya chuma uliyoyachukua wewe, na sasa mwingine anaomba. Nilikunywa vidonge vya chuma na foliki asidi bila kukosa, lakini muda ulikuwa mfupi. Mdogo wako alikuja wiki ya 35, ana kilo 2.1. Siwezi kusema kupishana kwenu kwa karibu ndiko peke yake kulikoleta hayo yote, kwa maana uchungu wa mapema una sababu nyingi na nyingine hazijulikani kwa mama mmoja mmoja. Ila tunachokijua kwa jumla ni kwamba mimba zikifuatana kabla ya miezi 18, watoto kuzaliwa njiti na wenye uzito mdogo huongezeka. Shirika la Afya Duniani linashauri mama angoje angalau miezi 24 tangu kuzaa mtoto aliye hai kabla ya kushika mimba nyingine.

Mtoto alitoka salama, kondo la nyuma nalo likatoka zima. Kisha nikahisi joto likinishuka miguuni. Mimba inapokomaa, damu inayopita kwenye mji wa mimba hufika zaidi ya nusu lita kila dakika. Kondo likishabanduka, mishipa ile hubaki wazi. Kinachoifunga ni misuli ya mji wenyewe, imesukana kama ukili, inajikaza na kuibana mishipa iliyopita katikati yake. Wangu haukukaza. Ulilegea kama mfuko mtupu, nami najua unavyohisiwa mji uliolegea kwa sababu nimeushika kwa mikono yangu kwa wanawake wengi. Mwenzangu wa zamu alinikanda tumbo kwa nguvu, mwingine akanichoma oksitosini na kunitundikia maji, mtu akakimbilia damu. Niliongezewa chupa mbili. Mama mwenye damu ya kutosha akipoteza nusu lita mwili wake huhimili. Aliyeingia kwenye uchungu na damu pungufu hana akiba, na kinachomtisha mwingine kidogo yeye kinaweza kumwondoa.

Oksitosini hiyo unaijua, ingawa hukuambiwa jina. Ni ile sindano waliyokuchoma pajani mara tu mjukuu wangu alipotoka; yuniti 10, hata kabla kondo halijashuka, ili mji ukaze mapema. Na siku zile za mwanzo ulipolalamika kwamba kila ukimnyonyesha tumbo linakukata kama uchungu umerudi, ilikuwa homoni ileile inayotengenezwa na ubongo wako mwenyewe: inasukuma maziwa yatoke, na papo hapo inaubana mji urudi udogo wake. Henry Dale aligundua mwaka 1906 kwamba majimaji ya tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, yanakaza mji wa mimba, na Vincent du Vigneaud akafanikiwa kuitengeneza oksitosini maabara mwaka 1953, kazi iliyochangia kumpatia Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1955. Kila ninapoyasoma majina hayo nahisi kama nawadai shukrani, maana bila sindano ile huenda wewe na mdogo wako mngelelewa na mtu mwingine.

Sasa kijiti. Hakikaushi maziwa. Ndani yake mna homoni ya aina ya projestini peke yake. Hiyo hufanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito mbegu zisipite, na mara nyingi huzuia yai lisipevuke. Kinachoweza kupunguza maziwa ni estrojeni, iliyomo kwenye vidonge vya kuzuia mimba vya mchanganyiko, vyenye homoni zote mbili. Ndiyo sababu anayenyonyesha huambiwa avingoje hadi mtoto afike miezi 6. Tena katika wiki 6 za mwanzo vidonge hivyo huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa, hatari ambayo kwa mzazi tayari iko juu. Akija mtu na pakiti yake akakwambia "meza hivi, vilinifaa", usimeze kabla hujajua ni vya aina gani.

Kuhusu kuharibu kizazi, nimewatoa wanawake vijiti na wengine wakarudi wana mimba baada ya muda mfupi. Uwezo wa kuzaa hurudi upesi. Nadhani uvumi huo umetoka kwenye sindano ya miezi mitatu, ambayo kweli hukawia kuondoka mwilini. Wengi hushika mimba kama miezi 10 hivi tangu sindano ya mwisho, na wengine zaidi ya hapo. Si kuharibika, ni kuchelewa, lakini mwanamke asiyeambiwa hayo mapema atalia kila mwezi akidhani amefungwa. Mimi nilikasirika kila nilipomkuta mama aliyechomwa bila kuelezwa. Ukiona unataka mtoto wa pili punde tu miaka miwili ikitimia, sindano isiwe chaguo lako la kwanza.

Kero ya kijiti ni damu isiyo na mpangilio. Wengine hutokwa matone siku nyingi, wengine hawaoni kitu kwa miezi. Usipoona, usidhani damu chafu inajaa tumboni. Utando wa mji unakuwa mwembamba, hakuna cha kumwagika. Kuna cha miaka 3 na kuna cha vijiti viwili cha miaka 5, na wanawake wanaoshika mimba wakiwa nacho hawafiki 1 kwa 100 kwa mwaka. Ila waambie dawa zote unazotumia. Rifampisini ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za kifafa huidhoofisha homoni hiyo.

Kama homoni huzitaki kabisa, kuna kitanzi cha shaba kinachowekwa ndani ya mji wa mimba. Hukaa miaka 10, hakigusi maziwa, na siku kikitolewa unaweza kushika mimba. Lakini hedhi zake zinaweza kuwa nzito, kwa hiyo pima damu kwanza. Nakumbuka uliniambia ulikuwa 9 na kitu ulipotoka wodini. Kondomu zipo pia, na hizo ndizo pekee zinazokukinga na magonjwa ya zinaa, mradi zitumiwe kila mara.

Mimi ningekuwa wewe ningekwenda kuweka kijiti kabla ya kurudi kazini, wala si baada. Huna haja ya kungoja hedhi ndipo uwekewe. Wakikuambia urudi ukiona siku zako, waombe wahakikishe tu kwamba huna mimba. Na mwende wawili. Mwenzako ayasikie mwenyewe habari za matone ya damu, asije akayakuta akaanza kuuliza kuna nini.

Niandikie siku mtakayokwenda, nije nikae na mtoto. Na barua hii usimpe mdogo wako aisome kwanza. Nataka nimsimulie kwa mdomo wangu habari ya usiku ule, pamoja na yale ambayo hapa sikuyaandika: kwamba nilipoamka, huku mrija wa damu ungali mkononi, kitu cha kwanza nilichoomba ni wanilaze naye kifuani, na kwamba kwa wiki tatu hakulala mahali pengine.

Mama yako akupendaye