Kiongozi kujitunza kwanza ni ubinafsi? Jibu kwa dada msimamizi wa Changamwe

Dadangu, hongera kwa cheo. Umeuliza hivi: umefanywa msimamizi wa zamu kwenye yadi ya makontena Changamwe, Mombasa, wakongwe wa kazi wamekwambia kiongozi ndiye wa mwisho kula na wa mwisho kulala, na hata hujakaa sana kichwa chaanza kukugonga. Ukijiangalia wewe kwanza, je, si ubinafsi?

Mimi nimesimamia zamu kwenye yadi kama hiyo kwa miaka mingi. Si ubinafsi. Ni sehemu ya kazi uliyopewa, tena sehemu ambayo hakuna atakayekukumbusha.

Bosi wangu wa kwanza alikuwa hodari, hilo simnyimi. Likizo alikuwa haijui. Simu mbili, zote hazizimwi usiku wala mchana. Kila kitu kilikuwa kichwani mwake: kontena lipi limezuiliwa na forodha, mteja yupi hajalipa, nywila ya mfumo, hata ufunguo wa kabati la sili za kufungia makontena alitembea nao mfukoni. Tukimsifu sana. Ramadhani moja presha ikamwangusha hapo hapo ofisini, tukamkimbiza hospitali. Alipona, alhamdulillahi, lakini muda wote aliolazwa yadi ilikwama. Malori yalipanga foleni hadi barabarani, ada za kuhifadhi mizigo zikawa zapanda kila kukicha, na wateja wakatumiminia matusi sisi tusiojua lolote. Simlaumu kwa kuugua. Nasema tulikuwa tukimsifia jambo lililokuwa hatari kwetu sote.

Na usidhani haya ni ya yadi tu. António Horta-Osório alipokuwa mkuu wa benki ya Lloyds huko Uingereza, Novemba 2011 alilazimika kukaa kando kwa sababu ya uchovu na kukosa usingizi. Hisa za benki zikashuka habari zilipotoka. Alirudi Januari 2012, akaiongoza hadi 2021. Wengine wanakitumia kisa hicho kusema aliyekaa kando ni dhaifu. Mimi nakisoma kinyume: alipumzika miezi michache, akafanya kazi miaka tisa zaidi.

Sasa tuje kwenye usiku, maana hapo ndipo wengi hujidanganya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 hadi 19 mfululizo hufanya vibaya sawa na mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu, au hata kumzidi. Nchi nyingi haziruhusu kuendesha gari ukiwa na kiwango hicho. Basi fikiria wewe uliyeamka alfajiri, saa tano za usiku bado uko yadini, unaamua kontena lipi lipande juu ya lipi huku vijana wanapita chini. Kahawa chungu haiondoi hilo. Miraa ndiyo kabisa, inakufumbua macho tu, akili inabaki imechoka vile vile.

Kuna jambo jingine ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Kiongozi aliyechoka haambiwi ukweli. Watu wake huusoma uso wake akiingia getini, na siku wakiona hajalala wanaficha habari mbaya. Nimeona forklifti imetoboa ubavu wa kontena na kila mtu akanyamaza, kwa sababu siku hiyo mkubwa alikuwa akiulizwa swali anarusha daftari. Tundu likagunduliwa na mwenye mzigo, mvua ikiwa ishaingia ndani. Lingesemwa pale pale lingezibwa na kuandikiwa ripoti, likaisha.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu huu wa kazini katika ICD-11, orodha yake ya kuainisha magonjwa. Halikuuita ugonjwa, liliutaja kama hali inayotokana na msongo wa kazi usiodhibitiwa, wenye dalili tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kuifanyia kejeli, na ufanisi kushuka. Chunga hiyo ya pili. Wewe utajisikia umechoka tu, lakini wenzako wataisikia kejeli kwenye ulimi wako kabla wewe hujaitambua.

Ila wakongwe wako hawakukosea kabisa. Usiku wa mvua ya masika, maji yamejaa yadini na umeme umekatika, kaa na watu wako mpaka mwisho, na wao ndio wale chakula kwanza. Hiyo ni heshima. Kosa ni kuufanya usiku ule kuwa maisha ya mwaka mzima. Tena wapo wanaojificha nyuma ya haya tunayosema: mkubwa anafunga simu Ijumaa akapunge upepo Diani, karani wake anafanya zamu mbili mfululizo. Huko si kujitunza, ni kumtwika mwenzako mzigo wako. Mapumziko yako yawe kwenye ratiba moja na ya watu wako, ubaoni, kila mtu ayaone. Wakikuona unakuja na homa, nao watakuja na malaria.

Sheria iko upande wenu. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 27, inatoa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku 7, na cha 28 kinatoa likizo isiyopungua siku 21 za kazi, kwa malipo kamili, baada ya kila miezi 12. Ukiomba likizo huombi hisani.

Kwa kuanzia, tafuta naibu na umpe nywila yake mwenyewe, si yako. Ukimaliza zamu, makabidhiano yaandikwe, kisha ondoka kweli. Pima presha wiki hii. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, rudia siku nyingine na umwone daktari, hata kama hujisikii vibaya, maana mara nyingi presha haina dalili. Na usingizi wa mchana baada ya zamu ya usiku utaupigania: kaskazi hii, chini ya mabati, bila feni na pazia zito hulali, na watoto wa jirani hawana habari na zamu yako. Waambie watu wa nyumbani mapema. Hizi semina za hotelini Nyali za matunda na kukandwa mabega mara moja kwa mwaka sina ugomvi nazo, lakini haziwezi kuziba pengo la usingizi.

Kama dhamiri bado yakusuta, kumbuka kisa tunachokisikia kwenye darsa. Salman, sahaba wa Mtume, alimkuta sahaba mwenzake Abu Dardaa amejichosha kwa kufunga na kusimama usiku kuswali, akamwambia nafsi yako nayo ina haki juu yako, na Mtume akasema Salman amesema kweli. Ikiwa ibada ina kipimo, sembuse makontena?

Mkurugenzi akikukatalia naibu kwa kisingizio cha gharama, mwekee mezani hesabu ya ada za kuhifadhi kwa siku ambayo wewe hutakuwepo. Karatasi ya makabidhiano tunayotumia kwetu ni ya ukurasa mmoja. Ukiitaka, sema niichape hapa.