Mama kuruka dawa za sukari

Pole sana dada, nimekuelewa, mama yako hapo Ahero anaruka dawa za sukari akienda matanga ama chama na wewe uko Nakuru unapiga simu tu. Mamangu alikuwa hivyo hivyo, tukadhani ni kusahau kumbe alikuwa anaona aibu kumeza mbele ya wenzake na pia anakata vidonge nusu ndio asituombe pesa. Usimgombeze. Muulize polepole, halafu tafuta mjukuu ama jirani awe anakula naye jioni, kidonge cha sukari kinachoitwa metformin kinafaa kimezwe na chakula. Lakini kama anadungwa insulini na hajakula, akianza kutetemeka na kutoa jasho hapo sukari mwilini imeshuka sana, apewe maji ya sukari haraka kama bado anaweza kumeza, akizimia mkimbize hospitali. Na dozi msibadilishe bila daktari.