Umebeba mguu wa kuku (bastola) kihalali, askari kakusimamisha: useme au unyamaze?

Mleta mada, umesema umepata kibali mwezi uliopita, unafanya uwakala wa pesa, unafunga usiku, na bastola unatembea nayo kiunoni chini ya shati. Unauliza ukisimamishwa na askari umwambie hapo hapo au usubiri aulize. Naona waliotangulia wamegawanyika. Wengine wanasema sheria inakutaka useme mara moja, wengine wanasema ukisema tu umejitafutia balaa.

Mimi ninayo bastola yenye kibali tangu 2011. Nina duka la vifaa vya ujenzi Buguruni. Nimewahi kunyamaza nikalazwa kwenye matope, na nimewahi kusema nikasababisha foleni Ubungo. Naandika kwa urefu, mwenye haraka apite.

Nianze na matope. Ilikuwa Septemba 2016. Mliokuwa Dar mnakumbuka mji ulivyokuwa. Julai 2015 majambazi walikuwa wamevamia kituo cha polisi cha Stakishari kule Ukonga, wakaua askari na raia, wakaondoka na bunduki. Halafu Agosti 2016 askari wanne wakauawa Mbande, kwenye tawi la benki. Sasa mimi, wiki chache baada ya hiyo ya Mbande, natoka Chamazi kudai deni kwa fundi mmoja. Saa nne usiku, peke yangu kwenye gari lenye vioo vyeusi, pesa nimeifunga kwenye mfuko wa rambo chini ya kiti. Ukinitazama kwa nje, ningekuwa mimi askari ningejisimamisha.

Barabara ya Kilwa nikakuta kizuizi. Askari wanne, wawili na bunduki za SMG. Wakapiga tochi, nikasimama, nikateremsha kioo. Nilikuwa mtulivu kabisa, maana mwaka ule ule kulikuwa na uhakiki wa silaha nchi nzima, hata Rais Magufuli alizihakiki zake. Namba ya bastola yangu na namba iliyo kwenye kibali zilikuwa zimetoka kulinganishwa. Nilijaa kiburi cha karatasi. Nikajiambia sina kosa, sina cha kujieleza, wakiuliza nitajibu.

Hawakuuliza. Kijana mmoja akasema, "Shuka." Nikainama kufungua mkanda wa gari, shati likapanda, kitako cha bastola kikawa nje. Nilichosikia kwanza ni neno "Silaha!", na cha pili ni mwenzake anakoki. Wakuu, ule mlio ukiusikia umeelekezewa wewe, huusahau. Mikono ilinyooka yenyewe. Nikavutwa nje, nikalazwa kifudifudi kwenye dimbwi, goti la mtu mgongoni, na bastola ikatolewa. Napiga kelele "nina kibali, nina kibali!" na kibali kiko wapi? Kwenye dashibodi, ndani ya bahasha ya kaki, chini ya kadi ya gari na risiti za mwaka juzi.

Nililala pale kama dakika arobaini. Aliyeniinua ni koplo mmoja mtu mzima. Akakisoma kibali kwa tochi, akalinganisha namba mara mbili, akapiga simu, kisha akanirudishia kila kitu pamoja na ule mfuko wa rambo, na pesa ilikuwa kamili. Aliniambia, "Mzee, huyu kijana ana miezi minne kazini. Ungetuambia kabla ya kujigusa. Sasa hivi ningekuwa naandika maelezo mpaka alfajiri, na wewe usingekuwepo kuyasaini." Mpaka leo sina la kumlaumu. Kosa lilikuwa la kwangu, ingawa sheria yoyote sikuwa nimeivunja.

Baada ya hapo nikaenda upande wa pili. Nikawa namwambia kila mwenye sare. Desemba ile ile, mchana wa jua kali, taa za Ubungo kabla flaiova haijajengwa, trafiki mmoja mama akanisimamisha. Alitaka leseni ya udereva na kuangalia stika ya bima, basi. Mimi nikamwita pembeni ya kioo nikamnong'oneza, "Afande, nina bastola."

Hebu yasikilize maneno hayo masikioni mwa mtu mwingine. Katika Kiswahili cha mtaani, "nina bastola" ni sentensi ya mtu wa aina moja tu, naye haisemi ili akutaarifu. Yule mama alirudi hatua tatu nyuma mpaka nusura agongwe na daladala. Trafiki wetu wengi mchana hawana silaha, wana kalamu na mashine ya faini. Alipiga simu, ikaja difenda ya polisi, gari langu likabaki katikati ya barabara, honi kila upande. Konda mmoja akawa anawatangazia abiria wake kwamba jambazi sugu kakamatwa. Nilitoka kituoni jioni, sina kosa lolote, nimelowa jasho. Mke wangu alicheka siku mbili.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba kuna mambo mawili niliyokuwa nakosea, wakati wa kusema na mpangilio wa maneno. Kuhusu wakati, nimefikia hivi. Trafiki mchana anataka leseni ya udereva, unampa, unakwenda zako. Silaha yako haihusiani na taa uliyopita nyekundu. Lakini likitokea mojawapo ya mambo haya, unasema papo hapo kabla hujasogeza hata kidole: ukiambiwa ushuke, ukiambiwa gari litapekuliwa, au ukiombwa kitu ambacho ili ukitoe lazima mkono upite karibu na silaha. Na usiku mbele ya askari wenye bunduki, mimi siku hizi nasema tu bila kungoja. Ukiwa abiria wa bodaboda ni vivyo hivyo, tena zaidi, maana pale hakuna mlango wala kioo, na kupapaswa kiunoni ndiyo salamu yao ya kwanza.

Na akikuuliza, unajibu kweli, na akikutaka uonyeshe kibali, unaonyesha. Hilo halina mjadala wala haki za binadamu za kubishania kando ya barabara. Sheria ya silaha tuliyonayo ni ya mwaka 2015, ilichukua nafasi ya ile ya 1991, na kibali chako kimepitia kuanzia serikali ya mtaa hadi polisi wenyewe. Wao ndio waliokupa. Usiwafiche kitu walichokupa.

Kuhusu maneno, tanguliza kibali. Neno la kwanza liwe karatasi, chuma kifuate. Mimi yangu ni haya, nimeyasema mara nyingi mpaka yamekuwa kama shahada: "Habari za kazi afande. Kabla sijashuka naomba nikutaarifu, nina kibali cha kumiliki silaha, na silaha yenyewe ninayo mwilini, kiunoni kulia. Mikono yangu hii hapa. Nielekeze." Hilo "nielekeze" ndilo linalofanya kazi kubwa. Askari ambaye ameombwa maelekezo anaacha kukuwazia, anaanza kuwaza utaratibu.

Kabla ya kusema, taa ya ndani ya gari iwe imewaka, vioo vyote vimeshushwa, injini imezimwa, mikono juu ya usukani. Mke wangu akiwemo anaweka yake juu ya dashibodi na simu haigusi. Asubiri kurekodi siku nyingine.

Mwaka 2019 niliyatumia Bunju, saa tano usiku, nikitoka msibani Bagamoyo. Askari alinisikiliza, akamwita mwenzake upande wa pili, kisha akaniambia, "Haya, itoe niione." Hapa ndipo wengi mnapokosea kwa utii. Usiitoe. Nikamjibu, "Afande, naomba uichukue mwenyewe, mimi mikono yangu ibaki hapa. Chemba haina risasi, magazini ipo." Akacheka kidogo, akasema mzee umefundishwa. Nikashuka mikono kichwani, akaichukua, akasoma namba, akanirudishia magazini ikiwa kando na kuniambia niipachike nikifika nyumbani. Dakika sita hivi. Akanipa pole ya msiba.

Sasa nirudi kwa wale wa "sheria inataka useme mara moja". Najua mmeitoa wapi, ni kwenye video za Marekani. Mpwa wangu yupo Columbus, Ohio, tumelizungumza sana hili. Kule kila jimbo lina lake. Michigan ukisimamishwa unatakiwa kusema mara moja. Ohio nao walikuwa hivyo hivyo, wakabadilisha Juni 2022, sasa unajibu ukiulizwa. Minnesota pia ni mpaka uulizwe. Kwa hiyo hata huko kwenyewe hakuna "sheria" moja ya kutuletea hapa Mwenge.

Na kama mnataka funzo la kule, lipo moja, chungu. Julai 6, 2016, Philando Castile, kijana mweusi mwenye kibali, alisimamishwa Falcon Heights, Minnesota, akiwa na mwenzi wake na mtoto mdogo garini. Askari alimwomba leseni na bima. Castile akamwambia kwa adabu kabisa kwamba anayo silaha. Sekunde chache baadaye askari alifyatua risasi saba, tano zikampata, akafa. Askari alishtakiwa, na mwaka 2017 akaachiwa huru. Mwenzi wake alisema alikuwa anatoa zile karatasi alizoombwa. Simlaumu marehemu hata chembe, alisema kweli na sheria haikumtaka hata kuisema. Ila mimi nikiitazama ile habari naona amri mbili zimegongana kwenye mkono mmoja: toa leseni, usiguse silaha.  Ndiyo maana nasema usianze kutafuta karatasi yoyote mpaka suala la silaha limalizike, na ukiambiwa utoe leseni wakati huo huo, uliza kwa sauti: "Ipo mfuko wa suruali, nitoe au nisubiri kwanza?" Utaonekana mshamba. Sawa tu.

Kuna mtu hapo juu amesema askari wa Dar siku hizi wamelegea. Asijaribu hilo maeneo ya balozi. Agosti 25, 2021 mtu mmoja aliua askari watatu na mlinzi wa kampuni binafsi mchana kweupe, karibu na ubalozi wa Ufaransa pale Salenda. Wengi wa walio lindoni leo walizika wenzao. Ukimwona askari amekaza uso ulipotaja silaha, ana sababu yake wala si lazima awe anatafuta hela ya chai.

Kwa walinzi wa milango ya maduka makubwa na benki, wenye kile kidude kinacholia, jibu ni fupi: geuza. Huyo hana mamlaka wala utulivu wa kushughulika na bastola yako. Iache nyumbani siku hiyo. Na kama umekunywa hata moja, iache pia, maana hapo hakuna maneno yatakayokusaidia.

Umeuliza pia kama picha ya kibali kwenye simu inatosha. Haitoshi. Simu inazima chaji saa nne usiku, na kuitafuta mfukoni ndiyo kule kule kujipapasa kiunoni mbele ya mtu mwenye SMG. Beba chenyewe, mbali na silaha. Silaha yangu ipo kulia, kibali kipo mfuko wa shati wa kushoto, ndani ya nailoni kwa sababu ya jasho. Ile bahasha ya kaki siku hizi ina risiti tu.