Muulize Mjomba: "Niliuliza swali mtandaoni nikachekwa, kosa langu nini?"

Haya wapwa zangu, barua za mwezi huu karibu zote zinalia kitu kimoja, mitandao. Zamani mlikuwa mnaniuliza habari za posa na mawifi, siku hizi ni nani kamblok nani. Nimechagua nne tu, na yule wa Kigamboni aliyenitumia skrinishoti 31 anivumilie, bado nasoma, nimefika ya tisa na sijajua bado ugomvi ulianzia wapi.

*

*Shikamoo Mjomba. Mimi nafuga kuku wa kienyeji huku Morogoro. Mwezi uliopita walianza kufa ovyo nikachanganyikiwa, nikajiunga na jukwaa moja kubwa la mtandaoni nikaandika KUKU WANGU WANAKUFA NISAIDIENI HARAKAAA!!! Mtu wa kwanza akasema lete picha. Wa pili akasema mkuu wachinje tu tunakuja na ndimu. Wa tatu akauliza kwanini watu mnaingia humu kama mnakimbizwa. Nikawaka, nikawajibu mmoja mmoja, kuna mmoja nikamgusia mpaka mama yake, nikafungiwa siku tatu. Kuku 22 wameenda. Hivi hawa watu wana roho gani?*
*Mfugaji, Morogoro*

Marahaba mpwa, na pole sana, kuku 22 si mchezo, hiyo ni sare ya shule na madaftari juu. Yule wa ndimu alikukosea na nitamrudia. Ila na wewe nikwambie hata kama utanuna, ulivyoingia ndo kulikoharibu.

Hebu sikiliza maneno yenyewe wanayotumia humo ndani. Mtu mpya anaandika "hodi humu". Wenyeji wanaitana wanajamvi. Anayetaka kufuatilia mjadala bila kuchangia anasema nimeweka kigoda. Akimaliza hoja yake anasema nawasilisha, kama yuko kwenye kikao cha ukoo. Hakuna mtu aliyewafundisha hayo maneno, wamekuja nayo kutoka nyumbani, sasa wewe umepita juu ya jamvi la watu na viatu vya bandani halafu unashangaa kwanini wamekukunjia sura.

Na hii si habari ya Waswahili peke yao. Mwaka 1995 mama mmoja wa kampuni ya Intel, Sally Hambridge, aliandika waraka wa adabu za intaneti unaoitwa RFC 1855, mpaka leo upo unasomeka. Ule waraka unamshauri mgeni asome tu kinachoandikwa na wenzake mwezi mmoja hadi miwili kabla hajaandika neno lake. Miezi miwili mpwa! Unasema pia ukiandika kwa herufi kubwa tupu unaonekana unapiga kelele, na kwamba ukipandwa na hasira lala kwanza ujibu kesho. Sasa jipime, wewe umevunja yote matatu ndani ya jioni moja, hiyo ni rekodi.

Najua utasema Mjomba, miezi miwili kuku si wangekuwa wameisha. Ni kweli, mimi sikwambii miezi miwili, nakwambia nusu saa. Pale juu kuna kisanduku cha kutafutia, ungeandika "kideri" tu, ule ugonjwa unaomaliza kuku, ungekuta nyuzi kibao, yaani mijadala ya watu waliotangulia, wafugaji wenzako wa Singida, Dodoma, Mbeya, wamelia kilio hichohicho wamejibiwa na maafisa mifugo, na huenda jibu lako lilikuwepo bila kumuomba mtu. Watu wanachukia swali lililojibiwa mara mia si kwa sababu wana roho mbaya, ila kuna mzee mmoja pale alishakaa akaandika majibu marefu ya bure, na kila wiki anakuja mtu hajasoma anamwambia aanze upya.

Halafu swali lenyewe lilikuwa tupu. Daktari ukimwambia naumwa atakuuliza wapi, toka lini, umekula nini. Wangapi? Wakubwa au vifaranga? Wanaharisha rangi gani? Sasa ona ingekuwa hivi:

"Habari wakuu, mimi mgeni humu. Nina kuku 40 wa kienyeji, umri kama miezi mitano, nipo nje kidogo ya Morogoro mjini. Toka juzi wamekufa 6. Wanazubaa, kinyesi cha kijani, wawili shingo imepinda. Chanjo ya kideri sijawahi kuwapa. Nilinunua jogoo mnadani wiki iliyopita nikamchanganya nao. Nimesoma uzi mmoja humu wa kideri, dalili zinafanana, ila sina uhakika. Naomba ushauri, picha hizi hapa."

Hapo hata yule wa ndimu angeona aibu. Kwanza ungekuwa umeshajijibu nusu, maana ukiandika habari za jogoo wa mnadani kwa mkono wako mwenyewe unaanza kuona moshi unatokea wapi. Mtu anayejua angekwambia moja kwa moja kwamba kideri hakina dawa, chanjo ni ya wale ambao bado wazima, ile ya tone la jicho unarudia kila baada ya miezi mitatu, wagonjwa watenge, waliokufa fukia au choma usimpe mbwa, na mwite afisa mifugo wa kata aje aone kwa macho kwa sababu wa mtandaoni anakisia tu.

Sasa huyu wa ndimu. Utani kwenye maandishi ni kitu cha hatari, sauti haisikiki na uso hauonekani. Tatizo hili ni la siku nyingi, mwaka 1982 pale chuo cha Carnegie Mellon huko Marekani profesa Scott Fahlman aliona watu wanagombana kwa sababu ya utani usioeleweka akapendekeza waweke alama ya :-) ili msomaji ajue hapa natania, na emoji zote mnazojaza leo zinafuata njia hiyohiyo. Lakini hata emoji ina mipaka yake, mtu ana msiba wa kuku unamletea habari za supu, uweke vicheko kumi bado ni ukosefu wa ustaarabu. Wewe ulichotakiwa kufanya ni kumpita. Kumpita tu. Mtu wa hivyo anaishi kwa majibu, ukimnyima anahama mwenyewe. Tena watatu walioandika mwanzo si jukwaa zima, wale wanaojua kuku huwa wanaingia usiku wakishafunga mabanda, na walipoingia wakakuta umeshamtukania mtu mama, nani tena akusogelee.

Kufungiwa siku tatu wamekuonea huruma, majukwaa mengine tusi la mama unaondoka jumla. Zikiisha rudi na ID yako hiyohiyo, usifungue ya pili ukajifanya mtu mwingine anayekutetea, huwa mnajulikana kwa namna mnavyokosea herufi zilezile. Andika palepale chini ya uzi wako kwamba nilipaniki, fulani nilikukosea naomba radhi, kisha leta mrejesho, kuku wamekufa wangapi, afisa mifugo alisema nini, waliobaki umewafanyaje. Mrejesho ndo malipo pekee watu wa mtandaoni wanayodai na ndo kitu ambacho wengi hawatoi, mtu akishasaidiwa anayeyuka kama barafu ya Manzese. Na mwaka kesho kuna mtu Kilosa atatafuta "kuku kinyesi cha kijani" atakutana na uzi wako.

*

*Mjomba habari. Nina ukurasa wangu wa mapishi. Niliweka mkate wa kumimina, hatua kwa hatua na picha nimepiga mwenyewe. Juzi naona dada mmoja mwenye wafuasi wengi kauweka kwake neno kwa neno, hadi pale nilipoandika "kama mama anavyosema, usifunue funue". Na picha ni ileile, kidole changu chenye hina kinaonekana! Laiki anazo elfu na kitu. Nimwanike?*
*Mpishi, Tanga*

Hina imekuokoa mama, ushahidi uko kidoleni.

Usimwanike kwanza. Nenda inboksi, mwandikie kwa upole kabisa, dada hii picha na maneno ni yangu, nilivipandisha tarehe fulani, naomba uweke jina la ukurasa wangu au uondoe. Mpe siku mbili tatu. Wengi wanaofanya hivi si wezi wa kukusudia, wanaona kitu kizuri kwenye grupu kimeshakatwa jina wanadhani hakina mwenyewe. Akiweka jina, mshukuru hadharani, na hao wafuasi wake wengi watakuja kwako. Akikublok, hapo ripoti kwenye mtandao wenyewe, wote wakubwa wana sehemu ya kulalamikia hakimiliki, na huku kwetu sheria ya hakimiliki ipo toka 1999.

Ila nikuambie kitu kingine usije ukaenda kugombana vibaya. Mchele, tui, hamira, iliki na sukari si vyako, mkate wa kumimina ni wa pwani nzima na bibi yangu Pangani alikuwa anaupika kabla hujazaliwa. Njia ya kupika haina mwenyewe kisheria. Kilicho chako ni jinsi ulivyoyapanga maneno, na ile picha. Akipika wake, akapiga picha yake, akaeleza kwa mdomo wake, muache.

Na wewe ukichukua kwa mtu taja jina. Nimepita kwenye ukurasa wako (mnadhani Mjomba hapekui), ile picha ya machungwa uliyowekea juisi umeipiga wewe kweli? Haya.

*

*Mjomba, ni kosa kuchangia kwenye uzi wa mwaka 2013?*
*Mdadisi, Arusha*

Ukiwa na jambo jipya si kosa, fukua kaburi. Kama unafufua kuandika "dah" au "hahaha" basi umewasumbua watu mia waliopata taarifa kwenye simu wakadhani kuna habari. Na tafadhali usinukuu andiko lote la kurasa tatu halafu chini yake ukaandika "sawa mkuu", kuna watu tunasoma kwa bando la mia tano.

*

*Mjomba sina raha. Baba mdogo alifariki hospitalini alfajiri na mimi ndiye nilikuwa pembeni yake. Kwa uchungu nikaweka picha yake stetasi, Inna lillahi, nikaandika pumzika baba. Binti yake yuko Muscat anafanya kazi, wakubwa walikuwa hawajampigia. Akaiona akiwa ofisini katikati ya wageni, akaanguka. Nilifuta lakini ilikuwa imeshafika grupu la ukoo na la mtaa. Ni mwezi wa nne sasa, sijampigia, namtumia tu emoji za kulia naye hajibu. Nifanyeje?*
*Kaka mtu, Zanzibar*

Hii barua niliiweka pembeni siku nzima kabla ya kuijibu.

Sitakugombeza, umeshajigombeza vya kutosha. Ulikuwa umetoka kumfumba macho baba yako mdogo, simu ikiwa mkononi, na siku hizi mkono unaandika kabla akili haijafika. Lakini acha nieleze kilichovunjika, kwa sababu nadhani unafikiri kosa ni picha.

Kwetu habari ya kifo haikuwahi kutupwa tu. Anatumwa mtu, tena mtu mzima. Anafika hasemi amekufa, anasema mzee kazidiwa, jiandae twende. Unapanda basi na ndugu pembeni yako ambaye anajua kila kitu na hasemi kitu, ukifika kona ya nyumbani unaona maturubai, viti, watu wamevaa kanga, hapo ndo unajua, na tayari kuna mikono miwili imeshakushika. Watu waliwahi kuuona kama uongo ule utaratibu. Kazi yake ilikuwa moja tu, usisikie ukiwa peke yako. Mdogo wako alisikia peke yake, mbele ya wageni, kwenye kioo cha simu, ndiyo kinachomuuma, na picha ukiifuta haifuti hicho.

WhatsApp wenyewe waliwahi kubana mambo ya kusambaza, toka 2019 ujumbe unaupeleka mwisho sehemu tano kwa mkupuo, na 2020 zile zilizozunguka sana zenye mishale miwili wakazibana mpaka sehemu moja. Skrinishoti haina mshale. Kwa hiyo anayesoma hapa na kesho akajikuta pembeni ya kitanda kama ulivyokuwa wewe, aulize kwanza kwa mkubwa wa familia, je wote wa karibu wameshajua, wa Muscat, wa London, wa Toronto, na mpaka aambiwe ndiyo simu ikae mfukoni, hata wengine wakianza kuposti. Na nyie wa mtaani mnaowahi kuweka picha ya mshumaa ili muwe wa kwanza, sijui mnapewa zawadi gani.

Sasa wewe. Emoji acha leo. Mtu uliyemuumiza kwa simu ukimfariji kwa vikaragosi vya machozi unamtonesha. Usimtumie voisi pia, voisi unaongea wewe yeye anasikiliza, na zamu ya kuongea ni yake. Mpigie. Usianze na "sikukusudia", anza na jina lake, mwambie nilikunyima kuambiwa na watu wako, nisamehe, halafu nyamaza aseme anachotaka, akilia mwache alie, akikata mpigie wiki nyingine. Akikuuliza baba alisema nini mwishoni, mwambie, kwa sababu wewe ndiye ulikuwa pale na hakuna mwingine anayejua. Nahisi amesubiri hilo miezi yote minne.

Mpigie Ijumaa, kule ni mapumziko, na saa zao ziko mbele yetu saa moja tu.