Mjane anauza kiwanda cha bia mwaka 1887: wavutane kwenye nini?

SWALI: Ndugu mthamini, shikamoo. Naandika mchezo wa redio. Mjane wa mji wa Burton, Uingereza, mwaka 1887, anauza kiwanda cha bia alichoachiwa na marehemu mumewe. Mnunuzi katoka London. Nimewaandikia mabishano marefu juu ya mitambo na majengo, lakini mwenzangu anasema onyesho limelala. Watu wa enzi ya Malkia Victoria wangebishania nini hasa?
— Mwalimu, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwalimu. Mwenzako kasema kweli. Mitambo huitiwa fundi, akaiwekea bei, yakaisha. Ugomvi uko kwenye baa.

Kiwanda cha wakati ule kilikuwa na baa zake, au kilimkopesha mwenye baa fedha kwa sharti asiuze bia ya mtu mwingine. Tangu sheria ya 1869 ilipozirudisha leseni za maduka ya bia mikononi mwa mahakimu, leseni mpya zikawa za kutafuta kwa tochi, na baa yenye leseni ya zamani ikapanda bei. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi liwe hili: "Mama, baa ngapi ni mali yako, ngapi umepanga, na ngapi zinakufuata kwa sababu ya deni tu?" Hizo za deni ndizo zitamtoa jasho mjane. Mdaiwa akilipa, kesho ananunua bia kwingine.

Halafu vitabu. Mwaka 1880 Waziri Mkuu Gladstone alifuta kodi ya kimea akaihamishia kwenye bia yenyewe: shilingi 6 na peni 3 kwa pipa la galoni 36, kama lita 164, la ukali wa kawaida. Mpishi alitakiwa kuandika kitabuni atakachopika kabla hajapika, na ofisa wa ushuru akaja na kipimo chake. Mjane akitaja mapipa mengi kuliko yaliyomo kitabuni, ameumbuka pale pale.

Bei yenyewe ilikuwa wastani wa faida ya miaka michache, ukizidishwa kwa idadi ya miaka waliyokubaliana. Faida inasomeka, idadi ya miaka ndiyo ya kuvutania. Na hapa mjane wako ana karata. Oktoba 1886 kiwanda cha Guinness cha Dublin kiliuzwa kwa umma kupitia benki ya Barings kwa pauni milioni 6, na watu wakasongamana mlangoni pa benki wakigombea hisa. Mwaka mmoja baadaye, mwenye kiwanda akisema "basi nitakwenda soko la hisa", mnunuzi hacheki. Ila usilisogeze onyesho likafika 1891. Mwaka huo, katika kesi ya Sharp na Wakefield, Mabwana wa Bunge, waliokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, walithibitisha kwamba hakimu anaweza kukataa kuhuisha leseni ya baa, na karata ikahamia upande wa pili.

Kimea, hopu (maua yanayoipa bia uchungu) na bia iliyomo ghalani vilihesabiwa siku ya makabidhiano. Kila upande ulileta mthamini wake, na mwamuzi wa tatu akawekwa iwapo wangeshindwana. Mapipa matupu ndiyo balaa: yametapakaa baa zote, mengine yameoza, mengine yana chapa ya kiwanda kingine. Mimi nimewahi kuhesabu makreti ya soda ya msambazaji mmoja duka kwa duka, najua adha yake.

Nimekuwekea la mwisho kwa makusudi. Mwaka 1872, katika kesi ya Labouchere na Dawson, mtu aliyeuza kiwanda cha bia alizuiwa kuwafuata wateja wake wa zamani, ingawa aliruhusiwa kufungua kingine. Mwaka 1884 mahakama ya rufaa ikaitupa kanuni hiyo, na haikurudi hadi 1896. Tarehe yako imeangukia katikati! Mnunuzi wa 1887 asipoandika sharti hilo kwenye mkataba, mahakama haitamwokoa.

Sasa mpe mjane mtoto wa kiume, yule anayezunguka baa kuchukua oda na kuwajua wenye baa kwa majina ya watoto wao. Mkalishe mezani tangu mwanzo, kimya, mpaka mwanasheria afike kwenye kifungu kinachomtaja.